Nota Kwanza, Tarumbeta Baadaye
Hotuba ya Mweka Hazina katika harambee ya mwaka



Kila Desemba tunapopanda kwenda nyumbani Kilimanjaro, tukisikia matarumbeta tunajua tumefika. Asili yake ni ya mbali. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, na Walutheri wa Ujerumani wana desturi ya bendi za kanisa ziitwazo Posaunenchor, zinazopiga kwa sauti nne kama kwaya.

Krismasi iliyopita tuliona aibu. Kamati ilinunua nota kutoka Uingereza bila kuwauliza wapigaji. Katika nota zile, sauti ya tarumbeta imeandikwa hatua moja nzima juu ya inavyosikika, lakini ya tromboni imeandikwa kama inavyosikika. Vijana wetu wamefundishwa kwa njia ya Kijerumani: unachokisoma ndicho kinachosikika, sawa na kinanda. Kila mmoja alipiga kwa usahihi alichofundishwa, na tarumbeta zikakaa juu ya tromboni ubeti mzima. Wazee walitazamana. Kosa lilikuwa letu, si la vijana.

Tulirudi kwenye madaftari ya marehemu mwalimu wetu, aliyenakili nyimbo kwa mkono. Sauti tatu zipo. Daftari la besi limeliwa na mchwa.

Hata hivyo, hatuanzi na mikono mitupu. Kitabu cha kwaya chenye sauti nne kinatufaa kama kilivyo: soprano kwa tarumbeta ya kwanza, alto kwa ya pili, tenor kwa tromboni, besi kwa tuba. Nyimbo za zamani pia hazina ada. Stille Nacht, muziki wa Franz Xaver Gruber, uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mwaka 1818. Yeyote anaweza kuunakili. Ila mpangilio mpya wa wimbo wa zamani una mwenyewe. Huo tutaununua, hatutatoa fotokopi kwa siri. Sisi wahasibu tunajua deni lisiloandikwa bado ni deni.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi fedha za tarumbeta mpya. Tunaomba za mambo matatu: vitabu vya nota vinavyolingana na mafunzo ya vijana wetu, kuandika upya sauti ya besi iliyopotea, na kabati la chuma la kuvitunzia. Kila mchango utakatiwa risiti, na hesabu zitasomwa mkutano ujao.

Na kuna mchango usiohitaji fedha. Wengi wetu babu zetu walipiga tarumbeta. Ukifika nyumbani, fungua sanduku la mzee. Ukikuta daftari lenye mistari mitano mitano, usiwashie moto jikoni. Lilete. Huenda ndiyo besi tunayoitafuta.

Tukutane nyumbani.