Vikanisa vya Makaburini huko Uingereza



Katika Jubilii watu hupenda kusikia habari za makanisa makubwa. Leo nataka kuwapeleka kwenye vikanisa vidogo, ambavyo mtu huingia akiwa amebebwa na wenzake.

Zamani huko London wafu walizikwa katika nyua za makanisa, hata mji ulipokua nyua zikajaa. Ndipo watu walipofanya viwanja vipya vya makaburi nje ya mji. Kimoja cha kwanza ni Kensal Green, kilichofunguliwa mwaka wa 1833. Basi ilipasa kujenga humo nyumba ya kusalia mazishi. Lakini nyumba moja haikutosha, kwa maana Wakristo walikuwa wamegawanyika. Kikanisa cha Kanisa la Uingereza kilijengwa katikati, mwisho wa njia kuu, chenye nguzo nene kwa mtindo wa Wayunani. Na jeneza liliteremshwa kwa mashine mpaka vyumba vya wafu vilivyo chini ya sakafu. Kikanisa cha Wakristo waliojitenga kilikuwa kidogo, kikawekwa pembeni.

Sheria za mazishi za miaka ya 1850 zikaeneza desturi hiyo katika miji mingi. Sehemu moja ya kiwanja iliwekwa wakfu na Askofu, ya pili haikuwekwa. Vikanisa vikajengwa viwili, kama mapacha, mara nyingi vikiunganishwa kwa tao, na gari la maiti hupita chini yake. Ramani moja, fundi mmoja, milango miwili.

Walakini mwaka wa 1840, huko Abney Park, London, William Hosking alikuwa amekwisha kujenga kikanisa kimoja tu, kwa Wakristo wa madhehebu yote. Umbo lake ni la msalaba wenye mikono sawasawa, na mnara mmoja mrefu. Kingali kimesimama hata leo.

Mwaka wa 1880 sheria iliruhusu Wakristo wa madhehebu mengine kuzikwa kwa sala zao hata katika ua wa kanisa la mtaa. Ugomvi ukapoa, lakini vile vikanisa viwili viwili vilikuwa vimekwisha kujengwa. Hasira ya watu hupita, ukuta hausogei.

Basi, ndugu zangu, fundi hujenga yaliyomo mioyoni mwa wanaomtuma. Nasi tuwekapo jiwe la kwanza, na tuulizane: mlango huu twamfungulia nani, na ni nani tunayemwambia apite pembeni?