Chuo kilicho mwisho wa reli

Haya ni mazungumzo ya mmoja wetu mbele ya kikundi cha Kiswahili, Rayners Lane. Tumeyapunguza kidogo ili yaenee ukurasani.

Nimeombwa niseme juu ya Ufaransa kwa sababu niliishi huko kabla ya kuja hapa, na wengi mnaniuliza kulikuwaje. Ule mnara wa Paris mmeshauona kwenye kalenda, sina la kuongeza. Nitasema juu ya mji mmoja wa pembeni, Nanterre, kisha nitarudi hapa hapa Rayners Lane. Kama kusingekuwa na la kusema juu ya hapa, nisingewachosha na ya kule.

Nanterre iko magharibi mwa Paris, safari fupi tu kwa treni. Ni mji wa kale. Wakatoliki mliopo mnamjua Mtakatifu Geneviève, msimamizi wa Paris. Alizaliwa hapo katika karne ya 5. Baada yake naruka karne nyingi, mnisamehe: mashamba, bustani za mboga, halafu viwanda.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Ufaransa ilihitaji mikono ya kujenga upya. Waalgeria wakaja kwa wingi, maana nchi yao ilikuwa bado chini ya Ufaransa. Kazi ilikuwapo, nyumba haikuwapo. Wakajijengea wenyewe kwenye viwanja vitupu vya Nanterre, kwa mbao, mabati na makaratasi ya lami. Wafaransa waliita mahali kama hapo bidonville. Bidon ni debe, ville ni mji: mji wa madebe. Aliyepita Kibera, au Kadutu kule kwetu Bukavu, hahitaji nimwelezee. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu kama 10,000 waliishi hivyo, na bomba moja la maji lilitumiwa na mamia yao.

Jirani yangu mmoja wa Nanterre alizaliwa humo. Nilipomjua alikuwa mtu mzima wa miaka 50, ana gari na nyumba. Alinisimulia kwamba kila asubuhi watoto waliosha viatu kwenye dimbwi kabla ya kufika shule, ili mwalimu asione tope akajua wametoka wapi. Alinisimulia na ya Oktoba 1961, aliyoyasikia kwa baba yake. Mkuu wa polisi wa Paris, Maurice Papon, alikuwa ametoa amri kwamba Waalgeria wasitoke usiku. Tarehe 17 watu wakavaa nguo zao nzuri, wanawake na watoto wakiwamo, wakaenda Paris kuandamana bila silaha. Wengi walitoka Nanterre. Polisi waliwapiga, wakawaua, wengine wakatupwa mtoni Seine. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Ilichukua miaka 60, mpaka 2021, ndipo Rais Macron akasema uhalifu ule hauna udhuru.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1964, miaka mitatu tu baada ya usiku ule, serikali ilifungua chuo kikuu Nanterre. Sorbonne, chuo cha kale cha katikati ya Paris, kilikuwa kimejaa mpaka pomoni. Ukachukuliwa uwanja uliokuwa wa jeshi la anga, yakapandishwa majengo ya zege haraka haraka, na kituo cha treni kiliitwa La Folie, neno ambalo kwa Kifaransa ni wazimu pia. Wanafunzi wengi walitoka sehemu za matajiri za magharibi mwa Paris. Walishuka kwenye treni, wakakanyaga tope lile lile, wakaingia madarasani, na kwenye madirisha yao waliona mji wa madebe. Yule jirani yangu aliniambia, "Na sisi tulikuwa tunaziona taa zao."

Vitabu vinaikumbuka Nanterre kwa ajili ya 1968. Wanafunzi walikuwa na malalamiko yao: vita vya Vietnam, madarasa yaliyofurika, hata mabweni ambako mvulana hakuruhusiwa kuingia upande wa wasichana. Tarehe 22 Machi waliteka jengo refu la utawala. Mei 2 mkuu wa kitivo akafunga masomo, kesho yake vurugu zikahamia Sorbonne, na baada ya wiki chache mamilioni ya wafanyakazi wa Ufaransa walikuwa kwenye mgomo. Ni habari kubwa, siikatai. Ila ninapoisoma huwa namtafuta yule mtoto wa viatu vya tope, na simwoni. Mabanda yalibomolewa miaka michache baadaye, na familia nyingi zikapelekwa kwenye nyumba zilizoitwa za muda. Muda gani? Wengine walikaa humo zaidi ya miaka kumi.

Mimi nilifika Nanterre mwaka 2006. Kazi niliyoipata ilikuwa ya kufagia madarasa ya chuo hicho hicho. Tulianza saa kumi na moja alfajiri na tulitakiwa tuwe tumeondoka kabla wanafunzi hawajafika. Kwa miaka mitano nilifuta ubao ulioandikwa sheria, nikafuta ulioandikwa falsafa. Marais wawili wa Ufaransa wamesoma chuo kile, Sarkozy na Macron; huenda viti vyao nimevifuta, sijui. Na wakati wote huo, ndani ya sanduku chini ya kitanda, nilikuwa na cheti changu cha Diplôme d'État kutoka Kongo, asilimia 64. Aliyesoma Kongo anajua asilimia 64 si mchezo.

Sikuwahi kuuliza. Nilidhani chuo ni mamilioni. Siku moja niliokota karatasi ya usajili kwenye takataka nikaisoma: ada ya mwaka mzima ilikuwa chini ya euro 200, kwa sababu vyuo vya serikali kule ndivyo vilivyo. Mshahara wangu wa wiki moja ulizidi hapo. Nilikaa kwenye ngazi na fagio langu. Ilikuwa mwaka wangu wa tano, na familia ilikuwa imeshaamua kuvuka kuja Uingereza. Hakuna aliyenizuia mlangoni, ndugu zangu. Ufunguo wa mlango nilikuwa nao mimi, kwenye mfuko wa koti la kazi.

Haya, turudi nyumbani. Nyote mnajua kwamba treni nyingi za Piccadilly huishia hapa Rayners Lane. Sauti inasema tushuke sote, tunashuka. Lakini reli haiishii hapa. Reli ya Uxbridge ilifunguliwa mwaka 1904, wakati hapa ni mashamba matupu. Hata kituo chetu kilikuja 1906, na jina lake ni la mkulima aliyeitwa Rayner. Nyumba hizi mnazopangishwa kwa bei ya kuliza zilijengwa hasa miaka ya 1930. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi wao walikuja kuanza upya huku Harrow na Wembley. Mzee wa dukani akikujibu kwa Kiswahili, usishtuke.

Panda treni inayoendelea: Eastcote, Ruislip Manor, Ruislip, Ickenham, Hillingdon, Uxbridge. Haifiki nusu saa. Pale Uxbridge kuna Chuo Kikuu cha Brunel, kilichopata hati yake ya kifalme mwaka 1966, miaka miwili baada ya Nanterre kufunguliwa. Hata zege lao ni la ukoo mmoja. Jengo la mihadhara la Brunel ni la kutisha kiasi kwamba lilitumika kwenye filamu ya A Clockwork Orange. Ila asili ya Brunel ni chuo cha ufundi cha Acton, na kilijulikana kwa kozi ambazo mwanafunzi anasoma na kufanya kazi viwandani. Katika manispaa hiyo hiyo ya Hillingdon, upande wa Heathrow, kuna Harmondsworth, jengo ambamo wahamiaji huzuiliwa. Humu ukumbini wapo wanaolijua kwa ndani. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba chuo na watu wasiotazamwa vinaweza kuwa majirani bila kujuana, sisemi juu ya Ufaransa peke yake.

Hapa ada si euro 200, nisiwadanganye. Ni maelfu ya pauni. Lakini mwenye hadhi ya ukimbizi huhesabiwa kama mwenyeji kwa ada, na anaweza kuomba mkopo wa serikali tangu siku anapotambuliwa, bila kungoja miaka. Mkopo huo huanzi kuulipa mpaka mshahara wako uvuke kiwango kilichowekwa. Ndugu zangu Waislamu, najua kuna swali la riba na silidharau. Mtu aulize mashehe wake kabla hajaweka saini. Wenye hadhi nyingine, sheria si moja kwa wote, kwa hiyo njooni na karatasi zenu tuzisome pamoja. Ambaye bado anangoja jibu la kesi yake hapati mkopo, na hilo ni chungu, ila vyuo kadhaa vina nafasi za ufadhili kwa waomba hifadhi. Ni chache, na hupita haraka. Usingoje barua ya kesi ndipo uanze kutafuta.

Cheti cha nyumbani kisiozee sandukuni kama changu. Kuna ofisi inaitwa UK ENIC inayoeleza cheti cha nchi yako ni sawa na kipi cha hapa. Na aliyepoteza vyeti vitani, au aliyekatizwa shule, kuna kozi ya watu wazima iitwayo Access, kwa kawaida mwaka mmoja, inayokupeleka chuo kikuu. Mkopo wa kozi hiyo hufutwa ukishamaliza shahada.

Mama mmoja aliniuliza wiki iliyopita, "Baba, kwa umri huu?" Nilimwambia nina miaka 47, na Septemba iliyopita nimeanza mwaka wa kwanza. Naomba msinipigie makofi, sijafaulu kitu bado. Insha yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu kama imechinjiwa kuku. Kijana aliyekaa jirani yangu ana miaka 18 na ndiye anayenifundisha kuandika tanbihi. Na nimegundua kwamba asubuhi, ninapoingia darasani, macho yangu bado yanakwenda kwanza kwenye pipa la taka.

Jumamosi nitakuwa getini kituoni saa nne asubuhi, saa nne ya kwetu, saa kumi ya simu zenu. Anayetaka kukiona hicho chuo aje twende. Vijana mje na wazazi, wazazi mje hata bila vijana. Tutatembea ndani tu, tutatazama maktaba kwa nje, tutakula tulichobeba. Nimepita pale mara nyingi hata kabla sijasajiliwa, na hakuna aliyeniuliza ninatafuta nini. Angalieni ubao kabla ya kupanda: treni iwe imeandikwa Uxbridge.