Moyo Uliobwagwa: Semi za Mrima Mbele ya Mfasiri wa Kijerumani



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu tafsiri ya semi na maneno ya kitamathali kati ya Kiswahili cha Mrima na Kijerumani. Lugha hizi zilikutana Bagamoyo katika mazingira ya utawala, kwani mji huo ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani hadi mwaka 1891. Mwaka 1903 kilichapishwa huko Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Mwandishi wake mkuu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin. Mhariri na mfasiri alikuwa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J.W.T. Allen ilitoka mwaka 1981. Kwa hiyo wasomaji wengi wa nje wamewajua watu wa Mrima kupitia mkono wa mfasiri, na pale mkono huo unapoteleza, wanaopotoshwa ni watu wenyewe.

Hoja ya mhadhara ni kwamba ugumu wa kutafsiri usemi hautokani na ugeni wa picha yake. Picha ngeni humtahadharisha mfasiri. Inayompoteza ni ile anayodhani kwamba tayari anaijua.

2.0 Semi zenye maana moja na picha tofauti

Mswahili aliyenunua kitu bila kukikagua ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mjerumani hununua paka ndani ya gunia, "die Katze im Sack kaufen". Mnyama amebadilika, lakini hasara ni ile ile. Vivyo hivyo, anayemsifu mtu kwa uongo humvika kilemba cha ukoka, ilhali Mjerumani humpaka mwenziwe asali kwenye ndevu, "jemandem Honig um den Bart schmieren". Hapa mfasiri huacha picha na kuchukua maana, wala hana cha kujutia.

Wakati mwingine picha haiwezi kuvuka hata kidogo. Mjerumani aliyepata bahati husema "Schwein haben", yaani ana nguruwe. Katika mji wa Waislamu kama Bagamoyo, usemi huo ukitafsiriwa neno kwa neno utakuwa tusi. Mfasiri hulazimika kusema kwamba mtu huyo amepata bahati ya mtende.

3.0 Vitu vya nyumbani vilivyobeba desturi

Ugumu huongezeka pale neno linapotaja kitu cha kawaida kilichobeba desturi nzima. Katika ndoa za pwani, kilemba ni haki ya baba wa bibi arusi, na mkaja ni haki ya mama yake. Kilemba ni nguo ya kichwani. Mkaja ni nguo anayojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Hata haki hizo zinapolipwa kwa fedha taslimu, majina hubaki, kwa sababu yanataja heshima ya baba na uchungu wa mama. Mfasiri akiandika "Turban" na "Gürtel", yaani kilemba na mshipi, atakuwa ametaja nguo na kuacha uzazi.

Usemi wa kuvunja ungo una mtego zaidi. Kwa Mswahili, msichana aliyevunja ungo amepata hedhi ya kwanza. Mjerumani naye ana usemi wa posa wenye kikapu, "einen Korb geben", kumpa mtu kikapu, yaani kumkataa mchumba. Ungo ukigeuzwa kuwa "Korb", msomaji anaweza kudhani kuna posa iliyokataliwa, na habari ya unyago ikampita.

4.0 Jina la Bagamoyo

Mfano mzito kuliko yote ni jina la mji wenyewe. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba limetokana na "bwaga moyo". Wapo wanaosema kwamba hayo ni maneno ya wapagazi waliofika pwani baada ya safari ndefu kutoka bara, wakapumzika. Wengine husema kwamba ni kilio cha watumwa waliokata tamaa mbele ya bahari. Maelezo haya ya pili yameenea sana nje ya nchi. Filamu ya mwanamuziki wa Marekani Béla Fleck ya mwaka 2008, Throw Down Your Heart, imepewa jina hilo hilo lililotafsiriwa neno kwa neno.

Tuuangalie moyo katika lugha hizi mbili. Mjerumani aliyeshikwa na hofu husema moyo umemteleza hadi kwenye suruali, "das Herz rutscht in die Hose". Aliyepata faraja husema jiwe limemwanguka kutoka moyoni, "ein Stein fällt vom Herzen". Yaani katika Kijerumani, moyo ukishuka ni hofu; ili mtu afarijike, lazima moyo ubaki na mzigo uanguke. Katika "bwaga moyo" moyo wenyewe ndio mzigo unaotuliwa. Msomaji wa Kijerumani akipewa maneno hayo kama yalivyo, lugha yake mwenyewe inamwelekeza kwenye hofu.

Kiswahili kina njia nyingine za kutaja kukata tamaa: kuvunjika moyo, kufa moyo. Kubwaga ni kitenzi cha mpagazi na mzigo wake, na cha mwimbaji na kibwagizo chake. Ni kweli kwamba kubwaga manyanga ni kuacha kazi au kushindwa, hivyo maana ya pili haiwezi kufutwa. Hata hivyo, "bwaga moyo" ni kauli ya kuamuru, na kumwamuru mtu apumzike ni jambo la kawaida kuliko kumwamuru akate tamaa.

Hili halipunguzi uzito wa historia. Watumwa walipita Bagamoyo, na wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, waliwakomboa baadhi yao. Lakini ushahidi wa utumwa upo katika nyaraka na makaburi. Hauhitaji kuegemezwa kwenye tafsiri ya jina. Tafsiri hiyo ikibaki peke yake, wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofika kwa maelfu, hufutwa katika mji walioujenga kwa mabega yao.

5.0 Hitimisho

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kamusi za lugha mbili zioneshe kila usemi unaelekea wapi, kwenye heri au shari, pamoja na picha yake. Pili, mfasiri akikuta picha inayofanana na ya lugha yake, aikague mara mbili. Tatu, wanaoandika vibao na vitabu vya wageni huko Bagamoyo waweke maelezo yote mawili ya jina, bila kuficha lolote, na wenyeji waulizwe kabla ya rangi kukauka.