Ukame, Mipaka na Amani



Mwaka 1986 nchi sita, yaani Jibuti, Ethiopia, Kenya, Somalia, Sudan na Uganda, ziliunda chombo cha pamoja cha kupambana na ukame. Mwaka 1996 chombo hicho kikawa IGAD, kikaongezewa kazi ya kutafuta amani. Nchi hizo zilikwisha kutambua kwamba njaa na bunduki hufuatana.

Malisho yanapokauka, wafugaji Waturkana na Wakaramojong huvuka mpaka kuyatafuta. Pasipo mapatano na wenyeji, mifugo huporwa na damu humwagika. Hivyo mwaka 2002 IGAD ilianzisha CEWARN, utaratibu wa kutoa tahadhari mapema, ambao hutegemea habari za watu waishio mahali penyewe. Mwaka 2020 mawaziri walipitisha itifaki ya kuwawezesha wafugaji kuvuka mipaka kwa usalama.

Lakini tahadhari peke yake haizimi moto. Mwezi Desemba 2021 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio juu ya tabianchi na usalama. Wajumbe 12 kati ya 15 walilikubali; Urusi ikalizuia kwa kura ya turufu.

Basi, tusiwangoje wakubwa. Ukame hauanzishi vita; dhuluma ndiyo huanzisha. Dalili ya kwanza huonekana kisimani, mgeni anapokatazwa maji. Tuionapo, tumpelekee nani habari? Nani awaketishe wazee wa pande zote mbili? Kila jumuiya ijibu maswali hayo kabla mvua haijakosekana.