Nani Atakulinda Ukiwa Usingizini?



Mtu anayekwenda kuingizwa mpira wa kamera tumboni, au kung'olewa jino kwa dawa ya usingizi, huwa amekwisha kuuliza bei. Pengine ameuliza pia kama ataumia. Mimi, mara yangu ya kwanza, niliuliza tu iwapo nitaruhusiwa kula jioni. Swali ambalo aghalabu huachwa ni hili: nani atakuwa akinitazama wakati mimi sijijui?

Kuuliza hivyo ni haki ya kila anayelipia huduma, wala si kumdharau daktari. Usingizi wa dawa hauna kizingiti kinachoonekana. Dawa ileile humtuliza mtu akabaki anaitika akiitwa. Ikiongezwa kidogo, haitiki ila kwa kutikiswa. Ikizidi, pumzi hupungua na hata kukatika. Watu wawili wenye uzito mmoja waweza kupewa kipimo kimoja, huyu akasinzia na yule akazama. Kwa hiyo yule ambaye macho na mikono yake vimo katika upasuaji hawezi kuwa pia mlinzi wa usingizi. Sharti awepo mwingine, aliyefunzwa kazi hiyo.

Mlinzi huyo husaidiwa na vyombo. Kibanio cha kidoleni hupima oksijeni iliyomo katika damu; mtu mwenye afya huwa na asilimia 95 au zaidi. Lakini kibanio huchelewa kutoa habari. Mgonjwa anayepewa oksijeni ya ziada aweza kuacha kupumua, na tarakimu zikaendelea kupendeza kwa dakika kadhaa. Chombo kinachopima hewa ya ukaa katika pumzi hugundua mapema zaidi. Vipo pia vya kusoma mawimbi ya ubongo katika usingizi mzito, navyo haviondoi haja ya mtu.

Wengi mnakumbuka kifo cha Michael Jackson, mwaka 2009, nyumbani alimoishi Los Angeles. Alidungwa propofoli, dawa inayotumika kila siku hospitalini. Kibanio cha kidoleni kilikuwapo, ila kisicho na kengele, na daktari alikuwa ametoka chumbani. Mwaka 2011 mahakama ilimtia hatiani daktari huyo kwa kuua bila kukusudia.

Basi ulizeni kabla ya siku yenyewe. Mkijibiwa kwamba "sisi tunaijua kazi yetu", hilo si jibu. Ombeni kuambiwa ni nani atakayesimamia usingizi, na kwa vyombo gani. Nanyi msifiche kitu: dawa mnazotumia, kukoroma sana usiku, chakula mlichokula. Kwa kawaida mtu mzima hukaa saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji. Aliyeonja uji alfajiri aseme, hata kama ataahirishiwa. Na ndugu wa kuwarudisha nyumbani apatikane mapema, kwa kuwa siku hiyo hamtaendesha gari.