Kabla ya Kulipa, Bonyeza F1

Mazungumzo kwa wakazi wa Chepkoilel, hasa vijana wanaounda programu za kompyuta na ofisi zinazozinunua



Chukueni mfano wa karani wa zahanati aliye peke yake asubuhi. Foleni imefika mlangoni. Mama amemleta mtoto aliyewahi kuandikishwa, lakini jina halionekani kwenye kompyuta. Karani anabonyeza kitufe cha F1 kuomba msaada. Kimya. Kwa kuwa watu wanangoja, anamwandikisha mtoto upya. Tangu siku hiyo mtoto ana rekodi mbili: chanjo huku, dawa kule. Atakayefungua moja hataiona nyingine.

Huenda mwongozo uliandikwa vizuri, ila haukuunganishwa na programu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwongozo usiofunguka mtu anapokwama haujamfaa.

Eneo hili lina historia ya kazi hii. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret katika Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Mfumo huo ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na uliundwa kwa Microsoft Access. Uzoefu uliopatikana ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Vijana wanaosomea kompyuta hapa Chepkoilel wanafuata njia iliyokwisha kufunguliwa.

Kuunganisha msaada si kazi kubwa. Kila dirisha la programu hupewa nambari yake, na kila ukurasa wa faili la msaada hupewa nambari inayolingana. Mtumiaji akibonyeza F1, programu huangalia yuko dirisha gani, kisha hufungua ukurasa wenye nambari hiyo. Katika Access, kila fomu ina nafasi mbili za kujaza: Help File, yaani jina la faili, na Help Context Id, yaani nambari. Aliye kwenye fomu ya kuandikisha mgonjwa aone maelezo ya kuandikisha, asirushwe kwenye yaliyomo ya kurasa mia.

Mitego ni minne.

Kwanza, anwani ya faili. Fundi akiandika anwani ya folda iliyo kwenye kompyuta yake mwenyewe, msaada utafunguka kwake tu. Faili likae katika folda moja na programu, na programu ilitafute hapo.

Pili, aina ya faili. Mafaili ya zamani yanayoishia na .hlp hayafunguki kwenye Windows 10. Yanayoishia na .chm hufunguka.

Tatu, usalama. Faili la .chm lililotoka kwenye intaneti au barua pepe huweza kufunguka likiwa na kurasa tupu, kwa sababu Windows imelizuia. Lifungulie kwenye Properties, palipoandikwa Unblock. Likiwa kwenye kompyuta kuu ya ofisi pia huweza kuonyesha kurasa tupu, kwa hivyo nakili faili kwenye kila kompyuta.

Nne, lugha. Andika kwa maneno ambayo karani mwenyewe angeuliza: "Jina la mgonjwa halionekani, nifanye nini?" Jibu liwe hatua chache, kwa Kiswahili chepesi. Tena, usitegemee msaada ulio kwenye intaneti pekee. Intaneti ikipotea, foleni haiondoki.

Programu ikikamilika, ipelekwe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona. Mtu asiyeiunda aketi, afungue kila dirisha na kubonyeza F1. Dirisha lisilojibu lirudishwe kwa fundi.

Ombi hili pia ni la vyama vya ushirika, shule, maduka ya dawa na zahanati: mnaponunua programu, andikeni katika mkataba kwamba kila dirisha liwe na msaada wake. Siku ya kukabidhiwa, kabla ya kulipa, bonyezeni F1. Fundi ataondoka jioni hiyo, na karani atabaki na foleni kesho yake.