Mswaki: Mti Unaobaki Kijani Kiangazini



Kando ya mto Turkwel, nyasi zikikauka na laga zikabaki mchanga mtupu, mswaki hubaki kijani. Waturkana huuita esekon. Siri yake iko ardhini: mizizi huteremka chini sana kufuata maji, na mti wenyewe huvumilia udongo wa chumvi ambao mimea mingi haiuwezi. Ndiyo maana majani yake yana ladha ya chumvi, na ngamia na mbuzi huyapenda.

Matunda yake ni madogo ya mviringo. Yakiiva huwa mekundu au zambarau, matamu yenye ukali kidogo. Watoto huyachuma na kuyala papo hapo. Akina mama huyaanika yawe akiba. Ndege nao huyala, na kwa kinyesi chao mbegu husambaa. Vijiti husafisha meno, jambo lililoupa mti jina.

Lakini mswaki una mshindani. Mathenge, uliotangazwa na serikali kuwa gugu hatari mwaka 2008, unazidi kusonga kingo zile zile za mto. Anayetafuta kuni, makaa au nguzo za ua, na akate mathenge, auache mswaki. Mathenge hauishi upesi. Mswaki uliokatwa leo hautatoa kivuli wala tunda kiangazi kikija, na hapo ndipo mtoto na mbuzi huuhitaji zaidi.